Aliyeonja Udongo Wetu

Ukienda kwake mikono mitupu, alikurudisha. Hakukufokea. Alikutazama viganja, halafu akakuuliza, "Jani liko wapi?" Ukimwambia jani umeliacha mtini, alitikisa kichwa: "Basi mgonjwa umemwacha kitandani, ukaja kwa daktari peke yako. Kamchukue." Nawe ungekwenda, kwani ungefanya nini? Ungerudi na jani mkono mmoja na udongo ndani ya kifuu cha nazi mkono wa pili, ukakaa kwenye baraza yake pale Kikwajuni kungoja zamu yako, pamoja na watu wengine wenye vifuu vyao mapajani, kila mmoja kakishika chake kama kina supu ya moto.

Sote tulimwita Bwana Shamba. Hilo lilikuwa jina la kazi yake, na lilimkaa vizuri kuliko jina alilopewa na wazee wake, ambalo nililijua lakini sijapata kulitamka mbele yake hata siku moja. Alikotoka na nani walikuwa babu zake, hayo wataandika wenye kuyajua. Mimi ninalo langu moja, na nalisema mwanzo ili mtu asije akadhani nasifu bure: eka tatu ninazozikalia Kiboje, kama si yeye, zingekuwa za mtu mwengine.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, hapa Unguja watu walipogaiwa ardhi eka tatu tatu. Wa mashamba walipata, na sisi wa mjini tulipata. Hamali wa bandarini, fundi cherahani, muuza kahawa, wote waliamka wakajikuta wana mikarafuu. Furaha ilikuwa kubwa, na ujinga wetu haukuwa mdogo. Mtu ambaye maisha yake yote alinunua mchicha sokoni alikuwa akiulizwa atapanda nini masika, naye hajui hata jembe linashikwaje. Bwana Shamba alikuwa na afisi yake na saa zake za kazi, lakini nani angengoja afisi? Watu walimfuata nyumbani. Akishasali alasiri, akitoka nje kupunga upepo, anaikuta baraza imeshajaa vifuu.

Alikuwa mtu mfupi, mweusi, mwenye miguu ya upinde, na kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate kwa mstari wake. Kofia yake ya viua haikupata kuwa na doa. Ungemwona njiani ungesema karani wa forodhani. Lakini angalia mikono: kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu usiotoka, hata siku ya Idi.

Udongo aliuonja. Watu wasiomjua walidhani ni mzaha. Alichota chembe kwa ncha ya kidole, akaitia ulimini, akafumba macho, kisha akageuka pembeni akatema kwa adabu na kusukutua kwa maji ya birika. Siku moja jirani yangu wa ukuta mmoja, mpishi hodari lakini mbishi kupita kiasi, alimpelekea udongo wa mrehani wake uliokuwa ukinyauka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Bwana Shamba alionja, akafungua jicho moja.

"Bibi, jana mmekula papa?"

"Alaa! Nani kakwambia?"

"Mrehani wako."

Jirani yangu alikuwa amesikia kwamba maji ya samaki hulisha mimea. Kwa hiyo kila akiroweka papa ili chumvi imtoke, maji yale hakuyamwaga mtaroni. Aliyamwagia mrehani, na akijiona mjuzi.

"Maji ya samaki mbichi, sawa," alisema Bwana Shamba. "Lakini papa yule ametiwa chumvi ya kumtoa Arabuni mpaka sokoni Darajani bila ya kuoza. Sasa mrehani utafanya nini nayo? Unasafiri?"

Baraza nzima ilicheka, na jirani yangu akanuna wiki nzima. Mrehani ulipochipua tena alimpelekea sahani ya papa wa nazi, na Bwana Shamba akala wote.

Alikuwa na msemo aliopenda kuurudia: "Mti hausemi uongo. Anayesema uongo ni mwenye mti." Mtu alikuja akiapa kwamba mgomba wake anaumwagilia kila siku, naye analigeuza jani, analikunja, linavunjika. "Kila siku ya mwezi gani?" aliuliza. Hakuna aliyeweza kumdanganya, na wengi walijaribu, kwa sababu mtu huona haya kukiri uvivu mbele ya majirani.

Siku nyengine aliitwa Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya bibi mmoja wa kitawa asiyetoka mbele ya wanaume wasiokuwa mahram wake. Bibi huyo alikuwa na asumini ndani ya chungu kwenye kibaraza cha juu, na ilikuwa imekataa kutoa maua. Sasa vipi? Bwana Shamba hapandi juu, na bibi hateremki. Alisimama chini uchochoroni, bibi akateremsha kile kikapu chake cha kamba alichonunulia mboga kutoka dirishani. Ndani mna vijani vitatu na udongo kwenye kikombe cha kahawa. Bwana Shamba akaonja palepale, watu wanapita wanamshangaa, kisha akaita kwa sauti ya juu:

"Bibi! Chungu hicho kinapata jua saa ngapi?"

"Hakipati!" ikajibu sauti nyuma ya shubaka. "Nimekiweka kivulini kisiungue!"

"Basi kiungue kidogo! Na maji punguza, unaizamisha!"

Mwezi haukwisha kikapu kikateremshwa tena, Bwana Shamba alipokuwa anapita, na ndani mna kikuba cha asumini kilichofungwa vizuri. Hakumwona bibi yule maisha yake, wala bibi hakumwona uso ila utosi wa kofia. Kikuba alikwenda nacho nyumbani kwa mkewe akamsimulia kila kitu, maana mkewe alikuwa na wivu na pua kali.

Lakini neno lililompa sifa kwetu halikuwa ushauri wowote. Lilikuwa neno "sijui". Watu wenye vyeo vya serikali wakati ule hawakulipenda neno hilo, na sijui kama wanalipenda sasa. Yeye alilisema waziwazi, tena kwa fahari. Ukimwuliza jambo asilolijua alisema, "Sijui. Lakini namjua anayejua." Hapo ndipo ungeona hazina yake. Alimjua mzee wa Donge anayejua kwa nini migomba huanguka kabla ya kuzaa. Alimjua mwanamke wa Makunduchi anayelima viazi vikuu kwenye matundu ya mawe, mahali ambapo wewe ungeona jiwe tupu. Alimjua mvuvi mmoja wa Matemwe, ati mvuvi, ambaye kwa minazi inayoliwa na mdudu chonga hakuwa na mfano. Hakuwaita wajinga wala wenyeji, aliwaita "wenzangu". Alikwenda kwao kwa baskeli kuwauliza na kuwasikiliza, na alipoulizwa tena jambo lilelile hakusema "mimi nasema". Alisema "mwenzangu wa Makunduchi anasema".

Mara moja alikuja bwana mmoja mkubwa mwenye miwani na motokaa, akitaka kujua atalimaje mpunga kwenye uwanda wa mawe huko kusini. Alimwuliza mbele ya watu, na alitaka jibu la haraka apeleke mkutanoni. Bwana Shamba akajibu, "Sijui, bwana. Ila yuko bibi mmoja Makunduchi." Bwana mkubwa akauliza kwa kejeli kama bibi huyo amesoma chuo gani. "Hakusoma," akasema Bwana Shamba, "lakini watoto wake wamekula." Yule bwana alipanda motokaa yake akaondoka. Kupanda cheo Bwana Shamba hakupanda tena. Alibaki na baskeli ileile mpaka mwisho. Sisi wa Kikwajuni tulijua, na tulijivunia kama tumepanda cheo sisi.

Sitaki kumfanya malaika. Baskeli yenyewe ile aliipenda kwa majivuno yasiyo kifani, aliifuta kwa kitambaa kila jioni, na mtoto akiigusa kengele alisikia maneno. Subira aliyowahubiria watu hakuwa nayo mwenyewe: alikwambia ungoje muhogo miezi tisa, lakini chai ikichelewa dakika tano ugomvi nyumbani. Nyuma ya nyumba yake, nyumba ya mshauri wa mimea wa mji mzima, hapakuwa na hata shina la mchaichai. Palikuwa na kamba ya kuanikia nguo na kuku wawili. Ukimwuliza alisema ardhi yote ya Unguja ni bustani yake, na mkewe kutoka ndani aliitikia, "Na tope lake analolileta ndani alifagie nani?"

Hasira yake aliiweka kwa jambo moja. Kama ulivunja matawi ya mkarafuu ili uchume haraka, alikuwa hakusemeshi. Mtu mmoja wa mtaa wetu alifanya hivyo mwaka wa kwanza wa eka yake. Alipoona karafuu ziko juu na ngazi hana, alikata matawi akachumia chini kwa raha zake. Bwana Shamba alimwambia, "Umemkata mtu mkono ili uchukue pete." Halafu hakujibu salamu yake mwezi mzima, naye ni mtu wa dini ajuaye kwamba salamu ni haki. Nadhani alimwitikia moyoni.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Eka zetu aligaiwa mume wangu, aliyekuwa hamali bandarini. Yeye kazi hakuiacha, na kusema kweli hakupenda mashamba. Alisema kimya chake kinampigia kelele. Kwa hiyo mwenye kwenda Kiboje nikawa mimi. Zilikuwa na mikarafuu mikubwa kumi na minane, minazi michache, na pahala pa wazi pa kupanda muhogo. Siku ya kwanza nilipofika nilishika kichwa. Uchafu! Majani makavu yamejazana chini ya mikarafuu mpaka unazama kifundo cha mguu, ukoka kila mahali, vijiti, makumbi, mbegu zilizooza. Nimelelewa mitaa ya Ng'ambo mjini mimi. Mama yangu alikuwa akisema mwanamke anajulikana kwa uwanja wake kabla hajajulikana kwa sura. Nikajiambia watu wa Kiboje wasije wakasema mwanamke wa mjini ni mchafu.

Nikanunua mafagio mawili ya chelewa. Nilifagia mti kwa mti, tangu shinani mpaka kivuli kinapoishia. Majani niliyakusanya chungu chungu nikayatia moto. Ukoka niliupalilia wote mpaka ukabaki udongo mwekundu mtupu, na udongo huo nao nikaufagia, ukaonekana mistari ya fagio kama uwanja wa nyumba siku ya harusi. Kila nilipokwenda, nilifagia. Jani likianguka mbele yangu niliona limenitukana.

Na nilisifiwa! Mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikikagua eka zetu alikuja na wenzake, akasimama katikati ya mikarafuu yangu akanyoosha mkono. "Hapa," akasema, "ndipo mahala pa mfano. Angalieni mwanamke wa mjini!" Jirani yangu wa eka ya pili, mzee wa hukohuko Kiboje, alitazama chini hakusema kitu. Nilidhani ni wivu.

Kiangazi kilipokuja na jua lake kali, mikarafuu yangu ikaanza kubadilika rangi. Kwanza majani ya juu yakawa manjano. Halafu ncha za vitawi zikakauka, kisha ukitazama juu unaona mbingu mahala ambapo zamani hukuiona. Mti mmoja, wa pili, wa tano. Wakati huo watu wote Unguja walikuwa wanauogopa ugonjwa wa mikarafuu, ule unaoingia kwenye mti wenye afya na kuua kwa wiki chache, na unahamia wa jirani. Habari zikafika kwa mwenyekiti kabla sijazipeleka. Akaja, safari hii hakunyoosha mkono. Akasema miti yote ikatwe na ichomwe kabla haijaambukiza eka za watu, na eka zenyewe kamati itazitazama upya, kwa sababu kuna wenyeji wanaojua kulima na hawajapata. Alinipa mpaka Jumatatu ya pili.

Nilirudi mjini nikilia njia nzima. Mume wangu aliposikia alisema, "Basi waache wachukue, tulikuwa tukila kabla ya eka." Hakuelewa. Sikuwa nalilia karafuu. Maishani mwangu sikupata kuwa na kitu ambacho mtu akipita njiani anauliza cha nani, anajibiwa cha yule mwanamke.

Alasiri ile nilikuwa wa kwanza barazani, na jani langu na kifuu changu. Bwana Shamba alilitazama jani muda mrefu, akakikwaruza kitawi chake kwa ukucha. Kisha akachota udongo akauonja. Akaonja tena. Sijapata kumwona akionja mara mbili.

"Udongo huu umeuchota wapi? Njiani?"

"Chini ya mkarafuu, Wallahi. Shinani kabisa."

"Hauna kitu," akasema. "Hauna hata ladha." Halafu akanyanyuka. "Kesho ntakuja."

Alikuja kwa baskeli, mwendo wote ule, kaptura yake na mstari wake. Alipofika ukingoni mwa eka alisimama, hakuingia. Aliangalia ile mistari ya fagio.

"Nani anafagia hapa?"

"Mie," nikajibu, na aibu yangu leo ni kwamba nilijibu kwa fahari. "Nnafagia kila nikija."

Hakucheka wala hakunikemea. Alivua viatu akaviacha nje, kama anaingia nyumbani kwa mtu, akaenda mpaka kwenye mti mmoja, akapiga magoti na kaptura yake, akachimbua udongo kwa mikono. Mizizi myembamba ya mkarafuu iko juujuu, haiendi mbali. Akaniita nishike. Mmoja ulikuwa mweusi, ganda lake lilibambuka likabaki vidoleni mwangu. Mwengine ulikuwa umesinyaa, lakini nilipoukata kwa ukucha ndani ulikuwa mweupe na una maji.

"Mweusi ndio maiti," akasema. "Huu mweupe yu hai, ana njaa. Ugonjwa wenyewe ukiingia, hukuti mweupe hata mmoja. Bibi, haya majani yaliyoanguka ndiyo chakula chake, na ndiyo nguo yake jua likiwaka. Wewe umemvua nguo, ukakichoma chakula, halafu ukamwashia moto miguuni."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo wangu safi. Nikamwuliza kama miti itapona.

"Sijui," akasema. "Labda. Mingine ishakwenda. Anza leo kuyarudisha majani, usingoje kesho."

Jumatatu ile mwenyekiti alikuja na watu wenye mashoka. Bwana Shamba alikuwapo kabla yake. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu cha majani kichwani, maana siku zile zote nilikuwa nikiomba majani na makumbi kwenye eka za majirani, na watoto wakinicheka, "Bibi wa mjini anarudisha taka zake!" Mzee wa eka ya pili ndiye aliyenipa mengi kuliko wote. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ulikwisha kusifiwa, mwanangu. Nani angenisikia?"

Bwana Shamba alimweleza mwenyekiti yote. Mwenyekiti uso ukambadilika.

"Kwa hiyo mimi nilisifu makosa mbele ya watu?"

"Ulisifu usafi, Mwenyekiti. Usafi ni mzuri. Ila mkarafuu si ukumbi."

"Na ikiwa ni ugonjwa? Ikienea Kiboje nzima?"

"Si ugonjwa. Iache mpaka masika yapite. Ikifa yote, au ukifa wa jirani hata mmoja, mniachishe kazi."

Mwenyekiti alitazama mashoka, akamtazama Bwana Shamba, akasema haya, mpaka masika yapite.

Walipoondoka nilimfuata mpaka kwenye baskeli yake. "Bwana Shamba, mie umenambia hujui kama itapona. Mbona yeye umemwapia?"

Alikuwa akifuta tope magotini. "Wewe ulikuja kuuliza," akasema. "Yeye hakuja kuuliza. Alikuja kukata."

Sijapata kuwa na miezi mirefu kama ile. Mvua zilipoanza nilihamia Kiboje kabisa, nikalala kibandani, nikabeba majani asubuhi na jioni. Miti mitatu ilikufa, nami niliulilia kila mmoja. Kumi na mitano ikasimama uchi, haiendi mbele wala nyuma. Halafu asubuhi moja, masika yamekaribia kwisha, nikatoka nikaona kwenye ncha za vitawi kitu chekundu. Nilidhani ni wadudu. Nikausogelea mti. Yalikuwa majani machanga, yale majani ya mkarafuu yanayozaliwa na rangi ya waridi kabla hayajawa kijani, mti mzima umeyavaa. Nikapiga vigelegele peke yangu porini, mpaka yule mzee jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Mwenyekiti alikuja, akavunja jani moja changa, akalinusa, akalitia mfukoni. Eka zikabaki zangu. Nilipokwenda mjini kumshukuru Bwana Shamba, alinisikiliza nusu tu, kwa sababu baraza ilikuwa imejaa, na alimaliza kwa kusema, "Mitatu iliyokufa, pahala pake panda michungwa." Nikapanda.

Miaka ilipita. Tukaingia ile miaka ya mwanzo wa sabini, mchele ukawa wa kutafuta kwa tochi, na watu wa mjini wakarudi kwenye muhogo na ndizi, tena kwa hamu. Mimi nilikuwa mtu wa Kiboje kwa sasa. Mume wangu alikuwa akija siku za mapumziko, na alikwisha kukizoea kimya. Nilikuwa na muhogo wa kula na wa kugawa, na karafuu zangu zilianikwa kwenye majamvi kila msimu. Watu walikuwa wakija kuniuliza mambo ya mikarafuu. Nami niliwaambia walete jani.

Alasiri moja ikaja baskeli. Alikuwa ameshaacha kazi, amezeeka ghafla, na kaptura amebadilisha kwa suruali. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Shamba." "Marahaba, bibi." Nikamletea maji, akanywa amesimama. Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua polepole. Ndani mlikuwa na jani la mkarafuu.

"Nimekuja kuuliza," akasema.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akanieleza kwamba na yeye mwisho wake amegaiwa eka tatu, huko Ndijani, na za kwanza maishani mwake. Mna miche aliyoipanda mwenyewe, na mna mkarafuu mmoja mkubwa, wa zamani. Alipouona mara ya kwanza, alisema, alikaa chini yake siku nzima bila ya kufanya kitu. Mwezi huu mti umeanza kugeuka rangi.

"Lakini weye ndiye unayejua," nikasema.

"Wa watu," akasema. "Wa mwenyewe nnautazama, naona ninachotaka. Leo naona unapona, kesho naona unakufa. Kinyozi hajinyoi. Twende ukautazame."

Tulikwenda. Ulikuwa mti mzuri sana, mrefu kuliko wangu wote, na chini yake majani yamelala vizuri kama inavyotakiwa. Hakuna kosa alilolifanya. Lakini juu upande mmoja majani yalikuwa yamekauka na hayakuanguka, yananing'inia, rangi ya kutu. Nikapiga magoti. Nilichimbua upande wa mashariki, nikachimbua na wa magharibi, nikazunguka shina zima. Yeye alisimama nyuma yangu kwa mbali, mikono kaifunga mgongoni, kama watu walivyokuwa wakisimama barazani kwake. Nilitafuta mzizi mweupe mmoja. Niliutafuta zaidi ya ilivyopasa.

Nilitaka kusema sijui. Lilikuwa ulimini, na lingenitoka vizuri, na yeye angerudi nyumbani na matumaini ya wiki mbili tatu. Lakini yeye neno lile hakupata kulitumia kujifichia, na lingekuwa tusi kumrudishia hivyo. Na nilijua. Wallahi nilijua, kwa mikono yangu, na fahari ilinipanda pamoja na majonzi, sikuweza kulitenga moja na jengine. Nikasimama nikamkabili.

"Umekufa, Bwana Shamba. Ni ugonjwa wenyewe. Ukate leo, miche yako iko karibu."

Alivua kofia yake, akajikuna utosi uliokuwa mweupe.

"Hakika?"

"Hakika."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kibandani mwake kwa miguu yake ile ya upinde, akarudi na shoka, jipya, mpini wake haujashikwa. Nilidhani atalinyanyua yeye. Akaliegemeza kwangu.

"Mie sitaweza kuanza," akasema. "Anza wewe."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza.